Gobore kubwa halitaki baruti nyingi, linataka baruti yake

Jumapili ya juzi nilipeleka wageni Kalenga pale kwenye makumbusho ya Mkwawa, wakaangalia fuvu, wakaangalia mikuki na silaha za zamani, afu tulivyotoka nje kunywa soda likaanza bishano. Mzee mmoja wa Kihehe, tulishasalimiana kamwene zetu vizuri tu, akasema magobore ya zamani hayakuwa na kanuni yoyote, unamimina baruti kwenye kiganja, unatia, unashindilia, ukiona mnyama ni mkubwa unaongeza kiganja kingine basi. Vijana wakacheka wakakubali. Mi nikasema mzee shikamoo tena, ila hapo kwenye kiganja cha pili ndo pamezika watu. Akaniambia haya eleza. Nikaeleza nusu saa na sikumaliza, kwa hiyo namalizia hapa.

Kwanza ijulikane mi ni fundi wa leith, ile mashine ya kukereza chuma, hapa Mwanjelwa, bunduki sitengenezi na usinifuate unipe kazi hiyo, kumiliki tu gobore bila kibali ni kesi, kulitengeneza ni kesi nyingine. Ila mtoto wa mama mkubwa, ambaye namwita Kaka maana kanizidi miaka sita, anaishi Indiana kule Marekani na huko bunduki za kushindilia ni mchezo kabisa, wana chama chao cha taifa tangu 1933, makao yake yapo kijiji kinaitwa Friendship humohumo Indiana, watu wanakuja na mahema na nguo za kizamani wanapiga shabaha. Kaka kajinunulia raifo, yaani bunduki yenye mistari iliyojisokota ndani ya mtutu, ya geji 12 ya kushindilia mdomoni, na karibu mwaka mzima kanijazia simu picha za shabaha na vipande vya kitambaa vilivyoungua, maana kwenye ukoo mzima anayejua kushika mikromita ni mimi.

Sasa hiyo namba 12. Watu wengi wanadhani geji kubwa ni tundu kubwa, ni kinyume. Chukua ratili moja ya risasi, yaani ile metali yenyewe, gramu 453.6, igawe mafungu 12 sawasawa, kila fungu lifanye gololi. Gololi hiyo inayojaa kwenye mtutu ndo geji 12, kipenyo milimita 18.5. Ukigawa mafungu manne tu unapata geji 4, gololi moja ina gramu 113 na mtutu wake una milimita 26 na ushee, hapo unaweza kuingiza kidole gumba kikacheza. Na uzito wa gololi haupandi kama unavyodhani, ukiongeza kipenyo mara mbili uzito unapanda mara nane. Gololi ya milimita 9 ina gramu nne na kitu, ya milimita 18 inakaribia gramu 35. Risasi ya SMG, yaani AK-47, ina kama gramu 8, linganisha mwenyewe.

Hii ya mara nane ndo ufunguo wa kila kitu kinachofuata. Bunduki ya mdomo mpana nguvu yake inatoka kwenye uzito wa gololi, sio kwenye spidi. Na gololi kwa umbo lake ni mbovu hewani, ni duara tu, inasukuma hewa kama mtu anayekimbia na ndoo kifuani. Ukiitoa kwa mita 400 kwa sekunde, kabla ya mita 100 imeshapoteza karibu robo ya spidi. Na ukiitoa kwa haraka zaidi inapoteza kwa haraka zaidi, hasa ikiwa juu ya spidi ya sauti ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo baruti ya ziada uliyoigharamia kwa hela na kwa bega, nusu ya faida yake inaliwa na hewa kabla gololi haijafika. Huku kwetu juu, Mbeya tupo kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kwa hiyo inakula kidogo kidogo kuliko Dar, ila sio tofauti ya kumfanya mtu abadilishe akili.

Afu kuna baruti yenyewe. Hapa nasema baruti nyeusi, ile ya moshi, ya kisasa isiyo na moshi hairuhusiwi humu, nitarudi hapo. Baruti nyeusi inaungua kuanzia juu ya punje kwenda ndani, kama mkaa. Punje ndogondogo zina uso mwingi wa kuungua kwa hiyo zinawaka chap, punje kubwa zinawaka taratibu. Wenzetu wanazipanga kwa herufi F, F moja ni punje nene, F tatu ni laini. Bastola na raifo nyembamba zinakula F tatu, ila kwenye geji 12 kwenda juu watu wanatumia F mbili au F moja, kwa sababu gololi nzito inachelewa kuondoka, ukiiwashia punje laini presha inapanda wakati mzigo bado umekaa palepale. Dereva wa roli la mbao la Mafinga anaelewa hii bila kufundishwa, huondoki na tani thelathini kwa kukanyaga mafuta hadi chini.

Na kitu kingine, zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi kabisa, inageuka masizi na moshi. Sehemu inatoka mdomoni, sehemu inaganda ndani ya mtutu. Kwa hiyo ukimimina gramu 9 sehemu kubwa ni takataka unayoisukuma nje, na takataka nayo ina uzito, nayo inakupiga bega.

Tuje kwenye mifano miwili ya wazungu maana walikuwa wanaandika kila kitu hadi vipimo. Samuel Baker, yule Mwingereza aliyekuja kutafuta chanzo cha Nile, mwaka 1840 alitengenezewa raifo huko Bristol kwa fundi Gibbs, uzito ratili 21, yaani kilo 9 na nusu, inapiga gololi ya aunsi 3, kama gramu 85, kwa baruti dramu 16, kama gramu 28. Kichaa. Ila ni kichaa cha hesabu, kwa sababu bunduki yenyewe ilikuwa nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Mwingine ni Frederick Selous, huyu mnamjua kwa jina la pori, alikufa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 na kaburi lake lipo hukohuko ndani ya hifadhi ambayo siku hizi inaitwa Nyerere. Miaka ya 1870 akiwa kijana hana hela alikuwa anawinda tembo na magobore ya geji 4, ya bei rahisi, ndani laini hayana mistari, uzito ratili 12 na nusu tu, kama kilo 5.7. Gololi gramu 113. Baruti alikuwa anaichota kwa mkono toka kwenye mfuko wa ngozi, na alipokuja kupima akakuta wastani wa kiganja chake ni dramu 17, gramu 30.

Sasa piga hesabu ya fundi. Baruti karibu sawa, gololi ya Selous nzito zaidi, ila bunduki yake inazidi kidogo tu nusu ya uzito wa ile ya Baker. Kwa hiyo kila teke lilikuwa kubwa mara mbili hivi. Mzee wa Kalenga hapo ndo alinyamaza, maana kiganja anachokisifia kilikuwa kiganja hichohicho. Na Selous siku moja gobore liligoma kuwaka, msaidizi wake akadhani limeshapigwa akalishindilia tena, baruti juu ya baruti na gololi juu ya gololi, jamaa akafyatua. Lilimrusha chini, likampasua uso. Baadae alisema anajuta kuyagusa magobore yale, yalimharibu neva akashindwa kutulia wakati wa kufyatua hata na bunduki nyingine. Hiyo ya neva ndo hasara ambayo watu hawaihesabu. Chaji kubwa, yaani baruti nyingi kwa mpigo mmoja, haikosei shabaha peke yake, inamfundisha mpigaji kufumba macho.

Kwa hiyo Kaka alivyoanza hakuuliza "ya mwisho ni ngapi", aliuliza ya kuanzia. Yule aliyetengeneza mtutu wake alimpa namba mbili, ya chini na ya juu ambayo haivukwi, na hizo ni za mtutu ule, chuma kile, sio za kunakili kwenye bomba lako. Yake ilianzia greni 80, kama gramu 5.2, na dari ni 140, kama gramu 9. Greni ni kipimo cha uzito, ratili moja ina greni 7,000, usichanganye na punje za baruti, watu wanachanganya sana. Na baruti nyeusi inapimwa kwa ujazo, kwenye kikombe kidogo cha shaba, hutii mtutuni moja kwa moja toka kwenye chupa hata siku moja, kwa sababu cheche iliyobaki ndani ikikutana na baruti inayomiminika chupa nzima inalipukia mkononi.

Utaratibu wake ni wa kuchosha na ndo maana watu hawaufuati. Bunduki inalazwa kwenye mfuko wa mchanga, shabaha mita 50, risasi tano za greni 80, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Afu tano za 90. Afu tano za 100. Kati ya kila risasi anafuta mtutu kwa kitambaa chenye unyevu halafu kikavu, ili ya tano ikutane na mtutu uleule uliokutana na ya kwanza. Kila kundi kwenye karatasi yake, tarehe, hali ya hewa, kila kitu. Kitu kimoja tu kinabadilika kwa wakati. Ukibadilisha baruti na kitambaa siku moja, shabaha ikikaa vizuri hujui umshukuru nani.

Picha ya kwanza aliyonitumia ilikuwa ya kuchekesha, 80 matundu yametawanyika kama sinia la wali, 90 yamekaribiana kama sahani, 100 sahani tena, 110 yameharibika kabisa. Akanipigia amekata tamaa, dogo hii bunduki mbovu. Nikamwambia Kaka kabla hujaitukana bunduki nenda mbele ya mstari wa kupigia, mita kama tano sita, okota vitambaa.

Hapa ndo patamu. Kwenye raifo ya kushindilia gololi haigusi chuma. Gololi ni ndogo kuliko mtutu, ya Kaka ina milimita 18.2 kwenye mtutu wa 18.5, na inavikwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, ndo kinajaza ile nafasi na kinaingia kwenye mistari ya ndani iliyojisokota. Kitambaa kinafanya kazi tatu kwa pamoja, kinaziba gesi isipite pembeni, kinaishika gololi ili izunguke na mistari, na kinapaka mafuta masizi yasigande. Kikitoka mdomoni kinadondoka karibu, na kinabeba habari yote. Kizuri kina duara la kahawia katikati na kingo zimechanika kidogo, ungeweza karibu kukitumia tena. Kikiwa na tundu lililoungua katikati maana yake moto umepita, kitambaa ni chembamba au mafuta ni kidogo. Kikiwa kimekatwa mistari mistari kama kwa wembe, hapo tatizo ni chuma, kingo za mistari au za mdomo wa mtutu bado kali, mtutu mpya unakuwaga hivyo na unahitaji kulainishwa.

Vya Kaka vya greni 110 vilikuwa vimeungua katikati vyote vitano. Nikamuuliza kitambaa gani, akasema cha shati. Shati gani, la dukani. Pima. Milimita 0.25. Na bado nikamuuliza ni pamba tupu au ina nailoni ndani, maana ya mchanganyiko inayeyuka na inaacha utando kwenye chuma. Tulivyokuwa wadogo mama mkubwa alikuwa na lile jora la marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa ambayo wazee wetu walikuwa wanavaa na hata kubadilishana nayo mali, ile ingefaa sana, nikamwambia tafuta ya namna hiyo huko ilikotoka jina. Akapata pamba iliyofumwa kwa kubana ya 0.45, akailoweka mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na nta ya nyuki. Kuingiza gololi mdomoni ikawa kazi, inabidi agonge kidogo na kigongo kifupi kwanza. Alivyorudia 110, sahani ikawa kisosi. Baruti ileile, gololi ileile, bunduki mbovu ileile.

Mafuta nayo yana mambo yake. Siku za baridi na unyevu masizi yanabaki laini, siku za joto kavu yanakauka yanakuwa kama ukoko wa ugali, gololi ya tatu haishuki. Mtu wa Mufindi kwenye ukungu na mtu wa Pawaga kwenye jua wangehitaji mafuta tofauti kwa bunduki moja.

Kuna swali ambalo Kaka aliniuliza nikakwama siku mbili, kwa nini rafiki yake mwenye raifo nyembamba anapata shabaha nzuri kwa baruti kidogo sana na yeye kwa baruti kidogo inatawanyika. Jibu liko kwenye msokoto wa ile mistari. Mtutu wa SMG mistari inamaliza mzunguko mmoja ndani ya sentimita 24, kwa sababu risasi ndefu inahitaji kuzungushwa sana isipinduke. Gololi ni duara, haina mbele wala nyuma, kuzungushwa kidogo kunatosha. Na ukiizungusha sana kwa baruti nyingi kitambaa kinashindwa kuishika, inateleza juu ya mistari kama tairi kwenye tope la Kitulo, inatoka bila mzunguko wowote. Afisa mmoja Mwingereza aliyekuwa India, James Forsyth, miaka ya 1860 alilishikia bango jambo hili, akapendekeza kwa geji 14 mzunguko mmoja ndani ya inchi 104, ni mita 2 na sentimita 64, yaani gololi inatoka mtutuni haijamaliza hata nusu mzunguko. Msokoto mlegevu namna hiyo unakubali baruti nyingi bila kuteleza, ila gharama yake ni kwamba baruti ikiwa ndogo mzunguko hautoshi na shabaha inatawanyika. Raifo ya Kaka ni ya ukoo huo. Ndo maana 80 ilikuwa sinia. Kwa hiyo sio kila bunduki kubwa inataka chaji ndogo, sisemi hivyo, nasema msokoto ndo unaamua ianzie wapi na bega ndo linaamua iishie wapi.

Aliendelea hadi 140. Kwenye ile mashine ya kupimia spidi kila greni kumi zilikuwa zinaongeza spidi pungufu kuliko kumi zilizotangulia, baruti nyingine inaungulia nje ya mdomo, jioni unaiona kama moto wa gesi. 120 ilikuwa kisosi kama 110. 130 ikafunguka. 140 hakumaliza tano, alipiga mbili akasema bega linaongea. Akarudi katikati ya 110 na 120 akapima tano tano, akakaa 115.

Sasa yale ya kufa, nayasema haraka ila yasomwe taratibu. Gololi lazima ikae juu ya baruti imegusa kabisa, ukiiacha njiani pakabaki nafasi mtutu unaweza kuvimba pete au kupasuka. Ndo maana mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unawekwa alama mbili, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu wenye chaji sahihi, ukishindilia alama isipofika simama, ikizidi simama zaidi, alama hiyohiyo ingemwokoa Selous na ile chaji ya mara mbili. Na baruti ya kisasa isiyo na moshi, ile ya kwenye risasi za kawaida, hata kidogo haiingii humu. Ile presha yake inajijenga yenyewe, kadiri inavyobanwa ndivyo inavyowaka kwa kasi, na chuma cha baruti nyeusi hakikujengwa kwa hiyo. Kijijini kwetu nilikulia na baba mmoja wa vidole viwili mkono wa kushoto, na kila mtoto alijua ni kwa nini.

Bomba nalo. Uingereza mtutu hauuzwi mpaka upelekwe kupigwa chaji ya kupita kiasi makusudi ndipo ugongwe mhuri, Birmingham wana nyumba ya kazi hiyo tangu 1813. Magobore yetu ya kienyeji mtutu ni bomba la maji au chuma cha stelingi, na mi kama fundi nakwambia bomba la maji lina mshono kwa urefu wake wote, limetengenezwa kubeba maji ya mtaa. Hayo ni mambo ya historia kidogo pia, mkataba wa Brussels wa 1890 wakoloni walikubaliana bunduki za kisasa zisiingie huku kati, ila gumegume zisizo na mistari na baruti ya kibiashara ziliachiwa njia, kwa hiyo teknolojia iliyobaki mikononi mwa watu ilikuwa ile ya kiganja, na vipimo, mhuri na raifo vikabaki kwao.

Kaka sasa hivi amefika kwenye kunoa kioleo cha mbele, kile kidude cha kulengea. Risasi zake 115 zinakaa pamoja ila zinapiga chini ya alama, kwa kuwa kioleo cha mbele kinaachwa kirefu makusudi ili mwenyewe akipunguze, ukikikata risasi inapanda, na ukishakata hurudishi. Hii haifanywi mpaka chaji imeshachaguliwa, kuna mtu kule alikata kwanza akabadilisha baruti baadae, akalazimika kununua kingine. Kaka anapiga tupa mara mbili, anapiga risasi tano, ananitumia picha. Na kikombe chake cha kupimia nimemchongea mimi hapa leith, cha shaba, nimekikata ujazo wa 115 kamili, hakina skrubu ya kukirefusha. Mama mkubwa anakipeleka mwezi wa saba akienda kuona wajukuu, kaniuliza ni cha kunywea nini.